Diski ya Nne

Siku hizi mtu akiniomba nimsaidie kuweka programu kwenye mashine yake, namsumbua kwa maswali mpaka ananuna. Mashine yako inatumia mfumo gani wa uendeshaji? Toleo la ngapi? Umeangalia mwenyewe au umeambiwa? Hiyo programu inategemea nini, na hivyo vinavyotegemewa unavyo vyote? Vijana wa ofisini kwangu wananiita mzee wa ukaguzi, na wakidhani siwasikii husema nina wazimu kidogo. Waache waseme. Hatua hiyo niliiruka mara moja tu maishani, Kigali, mwishoni mwa mwaka 1994, na nataka kueleza ilivyokuwa kabla sijapata kisingizio kingine cha kunyamaza.

Nilikulia Bujumbura, mtoto wa wakimbizi wa Rwanda. Kompyuta nilijifunzia huko huko, katika kampuni ya kahawa iliyokuwa na mashine moja ya Unix, mfumo wa uendeshaji wa mashine kubwa za siku zile, na fundi mmoja tu aliyeielewa, mzee mkali aliyenifundisha kwa matusi. Mauaji yalipokoma nikavuka mpaka, mwezi wa nane, na begi moja na vitabu viwili vya Kifaransa. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Mji niliosimuliwa tangu utotoni niliukuta milango imeng'olewa, nyumba zimenyamaza, mbwa wamenenepa. Sitasema zaidi juu ya hilo. Wenye kulisema ni wale waliokuwepo, na mimi sikuwepo.

Kazi niliipata mtaa wa Gikondo, ndani ya ghala lililokuwa la vipuri vya magari, bado linanuka grisi. Ofisi yetu ilitafuta familia za watoto waliopotezana na wazazi wao. Tulikuwa watu watatu. Mkuu wetu alikulia Uganda, mtu wa haraka, mguu wake haukutulia hata akiwa amekaa. Yeye alikuwa na Kiingereza chake, mimi nina Kifaransa na Kirundi, basi mambo ya kazi tuliyazungumza kwa Kiswahili, kila mmoja na cha kwake. Wa tatu alikuwa mama mmoja wa mtaa wa Nyamirambo, Mwislamu, fundi cherehani kabla ya vita. Alikuwa amepoteza mume na wanawe wawili. Asubuhi ukimuuliza habari alijibu, "Nzuri tu, mwanangu," na ole wako uulize mara ya pili.

Huyo tulimwita mama wa kadi. Kila mzazi aliyekuja aliandikiwa kadi, kila mtoto aliyeokotwa akaandikiwa ya kwake, zote zikapangwa ndani ya makopo ya biskuti. Watoto wengi walikuwa wadogo mno kujua majina ya wazazi, na kwetu Rwanda hatuna jina la ukoo, hata watoto wa tumbo moja kila mmoja ana lake, kwa hiyo jina halikukufikisha mbali. Mama wa kadi aliuliza mambo mengine. Kwenu mlikuwa na ng'ombe? Wa rangi gani? Nani alikuwa anakubeba? Hilo kovu ulilipata wapi? Halafu angekaa na makopo yake, midomo ikimchezacheza, mpaka ghafla apige kofi mezani: "Huyu na huyu!" Katika wiki zangu mbili za mwanzo nilimwona akiunganisha watoto watano na watu wao. Wa tano alipochukuliwa na bibi yake, mama wa kadi alitoka nje akakaa peke yake nyuma ya ghala mpaka saa ya chakula.

Kila Jumanne alikuja mwanamke mmoja kutoka kilima cha Rebero, kwa miguu. Alikuwa anamtafuta binti yake wa miaka minne. Mwezi wa nne, wakiwa wanakimbia, alimpa jirani amshike kidogo ili yeye amfunge mdogo wake mgongoni vizuri. Watu wakasukumana, na alipogeuka, jirani hayupo na mtoto hayupo. Yule wa mgongoni alikufa baadaye. "Nimebaki na huyu mmoja," alituambia, kana kwamba mtoto amelala nyumbani anamsubiri. Mtoto alikuwa na kovu la chai ya moto mkono wa kushoto, chini ya kiwiko. Mama wa kadi alimwandikia kadi, na kila Jumanne alimtolea kadi hiyo aione kwa macho yake kwamba haijapotea. "Bado, dada. Jumanne uje." Naye alikuja.

Mwezi wa kumi ikaletwa bahasha. Ndani mlikuwa na diski tatu na barua. Wataalamu wa nje walikuwa wametengeneza programu ya kulinganisha watoto na wazazi kwa alama, kwa umri, kwa mahali walipopotelea, kama alivyofanya mama wa kadi, ila hiyo ingeweza kuwalinganisha watu maelfu kwa mpigo. Diski ya nne, ilisema barua, itafuata. Mkuu aliishika ile bahasha kwa mikono miwili. Kompyuta tulikuwa nayo, ilikutwa humo humo ghalani chini ya turubai, nayo ilikuwa ya Unix, na fundi ni mimi.

Kwa asiyejua: programu ile haikuja ikiwa tayari kutumika. Ilikuja kama maandishi matupu, kurasa na kurasa za msimbo, yaani maagizo kwa kompyuta, na ilikuwa juu yetu kuijenga kwenye mashine yetu wenyewe. Ndiyo maana kabla hujaanza unakagua. Je, mfumo wa uendeshaji ni ule waandishi waliokusudia, na toleo lake si la zamani mno? Kompaila, yaani ile programu inayogeuza maandishi kuwa kitu cha kuendeshwa, ipo? Na maktaba je, yale mafaili ya kazi zilizokwisha kuandikwa na wengine, ambayo programu inayaita na bila hayo haiendi, yapo yote? Kimoja kikikosekana, unasimama. Yule mzee wa kahawa alinifundisha hivyo kwa kunipiga rula vidoleni.

Mkuu alinisomea maelekezo ya Kiingereza, akiyageuza Kiswahili papo hapo, nami nikawa naiuliza mashine. Mfumo wa uendeshaji: toleo letu lilikuwa nyuma kidogo ya lililotakiwa. Kompaila: ipo. Nafasi: ipo, tukifuta orodha za vipuri za wenye ghala. Maktaba ya kulinganisha: haipo. Hiyo ilikuwa kwenye diski ya nne, na ndiyo iliyobeba kazi yenyewe. Ndani ya diski ya kwanza kulikuwa na kiprogramu kidogo cha ukaguzi, kazi yake kuhakikisha vitu hivyo vyote kabla ya kukuruhusu kujenga. Nikakiendesha. Kikasimama hapo hapo na kuandika kwamba hakiendelei.

"Haiendi," nikamwambia mkuu. "Mpaka diski ya nne."

"Ijumaa wageni wanakuja. Wale wa nje. Wanataka kuona iko inatembea."

"Bila ile maktaba haitalinganisha kitu."

"Mimi nimesema walinganishe? Nimesema waone. Kwani wewe si fundi?"

Hapo ndipo aliponipata. Nilikuwa mgeni katika nchi niliyoiita yangu, lafudhi yangu ya Kirundi ikichekwa sokoni, na kitu pekee nilichokuwa nacho cha kujivunia ni kwamba mimi ni fundi. Alhamisi mchana nikakifungua kile kiprogramu cha ukaguzi, nikazima mistari inayouliza toleo la mfumo, nikazima na ile inayotafuta maktaba. Nilikifumba mdomo. Kisha, kwa kuwa programu ingeita ile kazi ya kulinganisha iliyo kwenye maktaba na isiipate, nikaiandikia kazi ya bandia yenye jina lile lile. Ilipokea mtoto, ikapokea mzazi, haikumwangalia yeyote kati yao, ikarudisha sifuri. Sifuri maana yake hawahusiani. Mistari minne tu. Nikajenga, kila kitu kikapita bila lalamiko hata moja, na nisiseme uongo, nilifurahi mpaka nikapiga mluzi.

Mama wa kadi akaja kuangalia. "Ndiyo iko tayari?"

"Tayari, mama."

"Na iko inawajua hawa watoto?"

"Itawajua."

Aliniangalia kwa juu ya miwani, akarudi kwenye makopo yake.

Ijumaa wageni wakaja. Mkuu aliandika jina la mtoto, likatokea kwenye kioo. Akaomba orodha ya wote wenye miaka mitano, ikatokea. Printa ikalia, karatasi ikatoka. Hakuna aliyeomba kuona ikilinganisha. Walipiga makofi, wakapiga na picha. Jumatatu yake mkuu, kichwa kimevimba kwa sifa, akaamuru makopo ya biskuti yafungiwe stoo. Kuanzia siku hiyo watoto wapya wataandikwa kwenye mashine tu, na mzazi akija ataulizwa mashine tu.

"Wallahi huyu mtu hana akili," mama wa kadi akaniambia, machozi ya hasira yakimlengalenga. "Hizi kadi nazijua moja moja. Mwambie, mwanangu. Wewe anakusikiliza."

Nikaenda. Nilisimama mlangoni kwake, sikuingia.

"Mkuu, ile diski ya nne bado haijaja."

"Wamesema italetwa wiki hii. Kwani mashine inakataa kufanya kazi?"

Nafasi ya kusema ilikuwa ile pale. Ningesema haifanyi kazi, nimeipachika uongo, wageni wako tumewachezea mchezo. Nikasema, "Inafanya, mkuu." Nilijipa moyo kwamba ni siku mbili tatu. Zikawa wiki tatu.

Katika wiki hizo tatu mashine haikumuunganisha mtu hata mmoja, na hakuna aliyeshtuka. Jambo hili ndilo linaloniumiza kuliko yote. Mahali pengine popote mtu angesema, ala, watu wote hawa, watoto wote hawa, na hakuna hata wawili wanaohusiana? Hebu angalieni hiyo mashine vizuri. Sisi tulikuwa tumezoea. Mwaka ule ukimuulizia mtu, jibu lilikuwa hakuna. Shangazi? Hakuna. Wale wa nyumba ya kona? Hakuna. Mwalimu, fundi viatu, muuza mkaa, hakuna, hakuna, hakuna. Mzazi alikaa kwenye kiti, mkuu akabonyeza, sifuri ikatokea, mzazi akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa saa, akashukuru, akaondoka. Walishukuru! Mkuu mwenyewe alikuwa amerudi nyumbani kwao akakuta wa kuzika tu. Sifuri kwake halikuwa jambo la kuuliza. Hata mama wa kadi alianza kusema labda wale aliowaunganisha yeye ndio walikuwa wa mwisho. Mimi peke yangu nilijua ile sifuri imetoka wapi, na nilinyamaza kwa aibu, aibu ya kitoto, ya fundi kuogopa kuonekana si fundi.

Katikati ya wiki hizo ikaja orodha kutoka Kabeza, kwa masista waliokuwa wakilea watoto kwenye nyumba moja nyuma ya maduka, karibu na barabara ya uwanja wa ndege. Mama wa kadi aliiingiza kwenye mashine kwa kidole kimoja, kutwa nzima, akinung'unika. Zamani angeisoma kila mstari huku akikumbuka kadi zake. Sasa alikuwa anatafuta herufi ilipo, akiipata anatafuta inayofuata, na ilipofika jioni hakuweza kukwambia ameandika nini. Karatasi zenyewe, kurasa sita, ziliwekwa kwenye droo ya meza ya kompyuta.

Jumanne iliyofuata mwanamke wa Rebero akaja. Mkuu alikuwa ametoka, mama wa kadi ana homa yuko kwake, nikawa peke yangu. Nikaandika: msichana, miaka minne, kovu la moto, mkono wa kushoto. Nikabonyeza. Jibu nilikuwa nalo kabla sijabonyeza.

"Bado hakuna," nikasema. "Uje Jumanne."

"Jumanne sitakuja, kaka."

Alisema kuna lori linakwenda Gisenyi, mpakani, kesho yake, na kutoka hapo atavuka. Mtu amemwambia kwenye kambi za upande wa Zaire kuna watoto wengi wa Kigali waliobebwa na majirani. Kila mtu alijua akina nani walikuwa wakizitawala kambi zile, wale wale waliokuwa wakiua, na yeye alijua kuliko mimi.

"Huko wewe utapitaje?" nikamuuliza.

"Nitapita tu. Kama hapa hayupo, yuko huko. Au mashine yenu haijaangalia kote?"

"Imeangalia kote."

"Kote kabisa?"

"Kabisa."

Kurasa za Kabeza zilikuwa kwenye droo, karibu na goti langu. Kuzisoma kwa macho ni kazi ya robo saa. Nilizifikiria, Mungu ananiona, nilizifikiria. Lakini ningeanzaje kusoma karatasi mbele yake bila kumweleza kwa nini mashine haitoshi? Nikamtakia safari njema. Akanishukuru, akaenda zake.

Alhamisi diski ya nne ikafika, dereva kaileta ndani ya bahasha ya kaki. Niliiweka maktaba, nikaifuta kazi yangu ya bandia, nikairudisha mistari yote ya ukaguzi kama ilivyokuwa. Kwa sababu ya lile toleo letu la zamani ilinibidi nirekebishe vitu viwili vidogo kwenye msimbo. Ilinichukua saa moja. Nikajenga upya, nikaiendesha juu ya watoto na wazazi wote waliokuwa wameandikwa ndani. Printa ikaanza kulia. Mama wa kadi, aliyekuwa amepata nafuu, akaja kusimama nyuma yangu. Zikatoka jozi kumi na moja. Jozi ya tatu ilikuwa mwanamke wa Rebero na msichana wa Kabeza.

"Yesu na Muhammad!" mama wa kadi akapiga kelele, sijui alikuwa anamwita nani. "Ni yeye! Kovu ni lile, chini ya kiwiko! Mama yake Jumanne alikuja?"

"Alikuja."

"Ukamwambia nini?"

Nikamwambia nilichomwambia. Kisha nikamwambia na mengine yote: ukaguzi nilioufumba mdomo, kazi ya bandia, sifuri. Nilidhani atanipiga, na ningemshukuru. Alijifunga kitenge chake, akasema, "Twende Kabeza," na baada ya hapo hakunisemesha mpaka mwaka ukageuka.

Mtoto alikuwepo. Tulimkuta uani anapanga vifuniko vya chupa, mdogo, mtulivu, mkono wa kushoto na kovu lake. Sista alisema ameletwa tangu mwezi wa saba na mama mmoja aliyemwokota njiani. Kutoka Rebero hadi pale mtu anatembea asubuhi moja tu. Mama wa kadi alichuchumaa, akaushika ule mkono, akaanza kulia kwa sauti, na mtoto akamtazama akiwa hajui amefanya kosa gani.

Mkuu nilimwambia siku ile ile. Hakunifukuza, alisema akinifukuza nani ataiendesha mashine. Alituma ujumbe Gisenyi, akatuma Goma upande wa pili wa mpaka, jina la mwanamke likasomwa redioni. Akapanda gari mwenyewe mpaka mpakani. Lori lilikuwa limefika salama, abiria walishuka, na mwanamke mmoja kati yao alionekana akivuka kwa miguu. Aliyemwona baada ya hapo hatukumpata. Tulitafuta kwa miaka miwili, kwanza kambini kwa barua, halafu kwa wale waliorudi. Watoto wa zile jozi kumi nyingine walikutana na watu wao, na watu wakanipa mkono wa pongezi, nami nikaupokea.

Msichana alilelewa na mama wa kadi, Nyamirambo. Alifundishwa cherehani, akaiacha, akasomea uuguzi. Nilikuwa nakwenda kuwaona Idi na Krismasi, naye akaniita mjomba. Aliamini mama yake alikufa mwezi wa nne kama mama za wenzake, na sisi wawili tuliacha aamini hivyo, kila mmoja kwa sababu zake. Mama wa kadi alipokuwa mgonjwa, karibu na mwisho, alimwita akamwambia jambo moja: nenda kwa mjomba wako akueleze ulivyopotea mara ya pili, na mwambie nimesema asikudanganye.

Akaja, mchana, akiwa bado na sare za kazi. Nikamweleza yote tangu ile bahasha hadi Alhamisi, nikamweleza na maana ya sifuri. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio na kwa matusi. Alisikiliza mikono ikiwa magotini, hakunikatiza hata mara moja.

"Kumbe alikuwa hai," akasema.

"Alikuwa hai."

"Na alikuwa ananitafuta."

"Kila Jumanne."

 Kisha akainua uso, akaugeuza kidogo kwenye mwanga wa dirisha ili niuone vizuri.

"Ninafanana naye?"

Nikamtazama. Mambo ya mashine ile ninayakumbuka yote hata leo, ningeweza kumwandikia pale pale kwenye karatasi. Nikautafuta uso wa yule mwanamke, Jumanne moja baada ya nyingine, kwenye kile kiti chetu cha Gikondo, nikakuta kila mara nilikuwa nimeangalia kioo cha kompyuta. Nikamwambia sijui.